Shangazi Ajibu: Mtoto Ana Mantiki Yake

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja, ingawa kila mmoja amelieleza kwa upande wake: namna ya kuishi na watoto bila kuuacha uchovu utunyang'anye kicheko. Nimechagua chache na kuzifupisha. Atakayezisoma zote ataona kwamba narudia rai ile ile, nayo ni kuwa kituko cha mtoto aghalabu ni hesabu iliyopigwa kwa umakini na mtu ambaye bado hajapewa taarifa zote, na mzazi anayejitahidi kuiona hesabu hiyo hujikuta anacheka na kustaajabu kwa pamoja.

Kila mtu ananiambia nifurahie

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na mwingine wa miezi mitano. Kila ninayekutana naye ananiambia nikifurahie kipindi hiki kwa sababu watoto hukua haraka, nami nabaki kujiona mzazi mbaya kwa kuwa sioni cha kufurahia. Juzi yule mkubwa alilia muda mrefu kwa sababu niliyatoa maziwa yake kwenye glasi nyembamba na kuyamimina kwenye bakuli. Alidai nimemwibia. Nilitaka kukaa chini nilie naye. Hao wenzangu wanakiona wapi hicho kichekesho? – Mama wa wawili*

Marahaba, mwanangu. Hao wanaokuambia ufurahie wana nia njema, lakini wanazungumza kutoka kwenye kumbukumbu zao, na kumbukumbu haiamshwi saa nane za usiku kunyonyesha. Hakuna anayefurahi kwa kuamriwa. Liweke shauri lao kando, tushughulikie maziwa.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1980, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwauliza watoto maswali ambayo watu wazima huona hayana haja ya kuulizwa. Katika jaribio lake linalojulikana sana, mtoto huoneshwa glasi mbili zinazofanana zenye kinywaji cha kiasi kimoja, naye hukubali kwamba ziko sawa. Kisha, mbele ya macho yake, kinywaji cha glasi moja humiminwa kwenye chombo kirefu chembamba, na mtoto huulizwa tena. Wengi walio chini ya miaka sita au saba hujibu bila kusita kuwa chombo kirefu ndicho chenye kingi zaidi. Wamekishika kipimo kimoja, yaani kimo, na upana haujaingia katika hesabu, wala haliwajii wazo la kwamba kinachomiminwa huku kinaweza kurudishwa kule kikawa kama kilivyokuwa.

Mwanao, basi, hakukuzushia. Aliyaona maziwa yaliyokuwa yamefika karibu na ukingo wa glasi yakishuka hadi chini ya bakuli, akaupima ushahidi uliokuwa mbele yake, akakukuta na hatia. Ukimtazama kwa jicho hilo, kilio chake kinabaki na kelele ile ile, lakini unakuwa umeketi na mtu anayedai haki yake kwa dhati kabisa, na hilo ni gumu kulitazama bila mdomo kukucheza.

Siku mtakayokuwa mmetulia, na wala si siku ya kilio, chukua glasi mbili zinazolingana na bakuli moja, utie maji, umwache amimine mwenyewe. Usimsahihishe. Tazama uso wake pale maji yanaporudi kutoka kwenye bakuli hadi kwenye glasi na "kuongezeka": macho yatakimbia kutoka chombo kimoja hadi kingine, mdomo utabaki wazi kidogo, halafu atakuomba mrudie. Ukimfanyia jaribio hilo hilo baada ya miaka mitatu, atakushangaa wewe kwa kuuliza jambo lililo wazi kiasi hicho, na hatakumbuka kwamba aliwahi kukuita mwizi.

Lipo jambo jingine, nalo silisemi kwa mzaha. Una mtoto wa miezi mitano, na umesema huoni cha kufurahia. Ikiwa hali hiyo imekaa zaidi ya majuma mawili, ikiwa huzuni iko nawe siku nyingi, usingizi haukujii hata mtoto anapolala, au unajiona huna thamani, basi hilo halitibiwi kwa kutafuta vichekesho. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa unaojulikana na una tiba, na unaweza kujitokeza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Mweleze mhudumu wa afya kama ulivyonieleza mimi, kwa maneno hayo hayo.

Mwezi unaotufuata

*Shangazi, binti yangu ana miaka mitano. Tukitembea usiku anashikilia kwamba mwezi unatufuata sisi, na akishasema hivyo huuliza kwa nini, kisha kwa nini ya ile kwa nini. Sikusoma sana sayansi. Nimweleze ukweli na kumharibia furaha yake, au nimwache? Na pale nisipokuwa na jibu, nifanyeje? – Baba wa mdadisi*

Ndugu yangu, binti yako ana wenzake wengi. Piaget huyo huyo alikusanya katika miaka ya 1920 maelezo ya watoto waliokuwa na hakika kuwa mwezi huandamana nao, na namna moja ya kuwachokoza kimawazo ilikuwa kuwauliza hivi: watu wawili wakienda pande tofauti, mwezi utamfuata nani? Mpe binti yako swali hilo kabla ya kumpa jibu. Bora zaidi, lifanyeni kwa miguu: wewe uelekee upande mmoja na yeye na mama yake upande mwingine, kisha mkutane na kila mmoja atoe taarifa. Wote mtasema mwezi ulikuwa pamoja nanyi. Hapo ndipo mtoto hukunja uso na kufikiri, na ukimya huo mfupi usiujaze kwa maelezo.

Maelezo yenyewe si marefu. Mwezi uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400. Mti ulio kando ya njia hubaki nyuma mara mnapoupita, kwa sababu kila hatua hubadilisha sana pembe ya kuutazama. Lakini kwa kitu kilicho mbali kama mwezi, hata mkitembea kilomita nzima, pembe hiyo haibadiliki kiasi ambacho jicho linaweza kukihisi. Na kwa kuwa macho yamezoea kuona kila kitu kikiachwa nyuma, kile kisichoachwa huonekana kinatembea nasi. Sisi watu wazima tunauona mwezi ukifanya hivyo hivyo kupitia dirisha la gari, ila tumeacha kulitaja. Binti yako aliangalia vizuri na akasema alichokiona. Kilichompungukia ni umbali tu. Nami siamini kwamba kuujua umbali huo kutamwondolea chochote. Taa iliyo mbali kuliko safari zote atakazofanya maishani, na bado inamulika viatu vyake, inastaajabisha zaidi ya mwezi wenye tabia ya kufuata watu.

Kuhusu kukosa jibu, usiione aibu. Sema "sijui", kisha muulize yeye anadhani nini, kisha mtafute pamoja. Wasomi nao huwa na majibu ya haraka ambayo hayatoshi. Mtoto akikaa majini muda mrefu vidole vyake hukunjamana, naye akiuliza sababu, wengi wetu tutamwambia ngozi imenyonya maji na kuvimba. Lakini tangu miaka ya 1930 madaktari wamejua kuwa kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani hata kikilowekwa. Mwili wenyewe ndio unaoagiza: neva huamuru mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi isinyae, na ngozi ya juu ikavutwa ndani. Mzazi aliyesoma sayansi na asiyesoma wanaweza kuketi kando ya beseni moja wakiangalia vidole hivyo, wote wakiwa wanafunzi.

Nakuruhusu pia kufunga ofisi. Swali linaloulizwa baada ya taa kuzimwa, likifuatiwa na la pili na la tatu, mara nyingi halihusu mwezi, linahusu kutolala. Mwahidi kwamba utalijibu asubuhi, na asubuhi ulikumbuke wewe kwanza, hata kama yeye amelisahau.

Baba anayecheka ataheshimiwaje?

*Mwandishi, mimi ni babu na msomaji wako wa siku nyingi. Mwanangu na mkewe wanacheka na watoto wao kupita kiasi. Juzi mjukuu wangu wa miaka mitatu alikutwa nyuma ya mlango, sukari imemganda mdomoni, kidevuni, na sijui iliwezaje kufika kwenye nyusi, akasema kwa sauti nzito kwamba hajala kitu. Badala ya kumkanya, baba yake aliangua kicheko. Sisi tulilelewa kwa hofu na tukanyooka. Je, huku si kuwaharibu? – Babu*

Shikamoo, mzee wangu. Nusu ya hoja yako naikubali bila masharti. Mtoto wa miaka mitatu hukichukulia kicheko kama ruhusa, tena kama tuzo. Akiona kwamba uongo wake umewafurahisha watu wazima, kesho atauleta tena, ukiwa umeboreshwa. Mwanao alipaswa kugeuza uso na kumeza kicheko, kisha kusema kwa sauti ya kawaida kwamba sukari haichukuliwi bila kuomba, kumfuta mtoto uso, na kwenda kucheka chumbani mlango ukiwa umefungwa. Wazazi waangalifu hufanya hivyo kila siku, na mabega yao huwatoa siri wanapokuwa wanaondoka.

Nusu ya pili naomba tujadiliane. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliandika kumbukumbu za ukuaji wa mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1839, na kuzichapisha mwaka 1877. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa miaka miwili na nusu hivi, baba alikutana naye akitoka kwenye chumba cha kulia, macho yakimng'aa isivyo kawaida na mwenendo wake ukiwa wa kujilazimisha; ikabainika kuwa amekula sukari iliyosagwa ambayo alikuwa amekatazwa. Majuma mawili baadaye alimkuta tena akitoka katika chumba kile kile, safari hii akiliangalia vazi lake la kukinga nguo, ambalo alikuwa amelikunja kwa uangalifu mkubwa. Alipoulizwa kuna nini humo, alijibu kuwa hakuna kitu, na akamwamuru baba yake aende zake. Ndani ya mkunjo mlikuwa na madoa ya maji ya achari.

Tazama, mzee wangu, kazi iliyofanywa na akili hiyo ndogo. Ili kulikunja vazi lile, mtoto alihitaji kujua kwamba baba hajui anachokijua yeye, kwamba doa litamfichulia baba habari hiyo, na kwamba doa linaweza kuzuiwa lisionekane. Muda mfupi tu kabla ya hapo, mtoto wa aina hiyo hudhani kuwa akifumba macho haonekani. Uongo wa kwanza lazima ukanywe, lakini ni haki pia mtu astaajabu ulivyojengwa. Darwin mwenyewe aliuona kuwa udanganyifu uliopangwa, na papo hapo akaandika kwamba mtoto huyo alilelewa kwa kuguswa hisia zake njema tu, na kwamba haukupita muda akawa mkweli na muwazi kama ambavyo mtu angetamani.

Hofu huweza kumzuia mtoto asile sukari, sikatai. Jambo ambalo haliwezi ni kumfanya aje mwenyewe kusema amevunja kitu, amepotea njia, au kuna mtu mzima anamfanyia jambo lisilofaa. Taarifa za namna hiyo mtoto huzipeleka kwa mtu ambaye amewahi kucheka naye. Napenda mjukuu wako awe na watu wawili wa kumpelekea, na mmoja wao awe wewe. Nami nashuku kwamba tayari ni wewe, maana barua yako imeieleza sukari ya kwenye nyusi kwa undani uliozidi mahitaji ya malalamiko.

Mchezo usioisha

*Shangazi, mwanangu ana miezi tisa. Nikifunika uso kwa kitambaa na kuufunua, anacheka mpaka anapoteza pumzi. Nikiacha, analia. Mimi nilichoka zamani. Yeye anacheka nini hasa, na kwa nini hachoki? – Baba mpya*

Mwanangu, watoto wengi huanza kucheka kwa sauti wakiwa na umri wa miezi mitatu hadi minne, na mchezo wako ni miongoni mwa michezo ya kwanza kuwachekesha. Darwin, niliyemtaja katika jibu lililopita, aliandika kuwa mwanawe alifurahia mno kufunikwa uso kwa nguo na kufunuliwa ghafla akiwa na siku 110. Lakini mtoto wa umri huo na wako wa miezi tisa hawachekei jambo moja. Mdogo hushtushwa na uso uliotokea. Wako amefika umri ambao mtoto huanza kukitafuta kitu kilichofichwa mbele yake, kwa sababu sasa anajua kuwa bado kipo. Anajua uko nyuma ya kitambaa, anakusubiri, na unapotokea anakuwa ameshinda. Nani anachoka kushinda?

Ili na wewe usichoke, badilisha kitu kidogo kila mara. Chelewa kwa pumzi moja. Tokea upande wa kushoto badala ya juu. Mpe kitambaa ajifunike yeye, nawe umtafute chini ya kiti kwa wasiwasi mkubwa huku miguu yake ikiwa nje.

Binti yangu hataki tena niyasimulie

*Shangazi, nina daftari ninaloandika maneno ya kuchekesha ya watoto wangu, na huwa nawasimulia wageni. Wiki iliyopita binti yangu wa miaka minane aliondoka sebuleni akilia nilipokuwa nasimulia jambo alilolisema akiwa na miaka mitatu. Nilidhani angefurahi. – Mama mwenye daftari*

Dada yangu, endelea kuandika, uache kusimulia. Mtoto wa miaka mitatu alilisema neno lile kwa uzito wote, na wa miaka minane anaelewa kwamba wageni hawakulichukua kwa uzito huo. Ameanza kujiona kwa macho ya watu wengine, jambo ambalo miaka mitano iliyopita halikuwepo. Mwombe radhi, umpe daftari alisome peke yake, na yeye aamue ni kisa kipi kinaweza kutoka humo. Msishangae mkikuta anachagua visa vya mdogo wake; naye mdogo apewe haki hiyo hiyo.

Picha na video za watoto zinazosambazwa kwa simu ziko chini ya kanuni hiyo, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa mgeni wa sebuleni husahau na simu haisahau.

Kijana wa miaka kumi na minne

*Shangazi, ukurasa wako huzungumzia watoto wadogo. Mimi nina kijana wa miaka kumi na minne. Alikuwa ananichekesha kila siku. Sasa analala hadi mchana, anajibu kwa neno moja, na nikitania anageuza macho. Nimekosa nini? – Baba aliyeachwa*

Hujakosa kitu, ndugu yangu. Kuhusu kulala, sehemu ya lawama ni ya mwili wake: katika umri wa kubalehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, homoni inayoleta usingizi hutoka kwa kuchelewa usiku, na asubuhi ya watu wengine kwake bado ni usiku. Unapomkuta amejikunja kitandani saa nne asubuhi, unamwona mtu ambaye ubongo wake uko katika ujenzi mkubwa unaoendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Mimi huona kuwa hilo linastahili heshima kidogo, pamoja na kuvutwa shuka inapobidi.

Utani wake haujafa. Umehamia kwa wenzake, na umebadilika ukawa wa kejeli, kwa sababu kejeli inahitaji kusema jambo moja na kumaanisha jingine, na hicho ni chombo kipya mkononi mwake ambacho anakijaribu kwa kila mtu, wewe ukiwa wa kwanza. Ukimwona anageuza macho, hesabu kuwa amesikia. Usijilazimishe kutumia maneno ya vijana. Hakuna kitakachomfukuza haraka kama hicho. Msemeshe mkiwa mnafanya kazi ya mikono au mkiwa safarini, ambapo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, na uwe tayari yeye ndiye akucheke wewe, ilimradi asikudharau.

Halafu mwombe akufundishe ule mchezo anaocheza kwenye simu. Utashindwa vibaya, naye atacheka kwa sauti uliyodhani imepotea. Usijaribu kumwambia kwamba ulimwachia ashinde, kwa sababu hatakuamini.